Ubeti wa Pili

Kasoli, Bariadi
18 Juni 2023

Dada Harieth,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi, nikiamini wewe na baba mmeamka vizuri, na kwamba ule mgomba wa nyuma ya jiko haujaangukia choo kama baba anavyotabiri kila mwaka. Mimi mwili hauna neno. Macho tu yanawasha, maana msimu wa pamba umefunguliwa na nyuzi zinaruka hadi kwenye chai. Ghala la chama cha msingi limejaa, wakaniomba mimi bwana shamba wao niwape sebule. Sasa magunia yamepangwa kuta zote nne mpaka darini. Imebaki nafasi ya meza, kiti na mimi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei, na meseji unajibu kwa maneno matatu. Halafu kuna hii flashi ambayo lazima ije kwa basi.

Unaukumbuka wimbo wetu, "Mlango", tuliourekodi Mwanza Desemba iliyopita? Fundi wa ile studio aliacha kazi kabla ya kuumaliza. Alichotuachia ni vipande vibichi: dramu za Danford, besi la Januarius, gita langu mara mbili, na sauti yako. Kila kimoja kiko peke yake kwenye mstari wake. Kuvipanga vyote viwe wimbo mmoja ndiko kunaitwa kumiksi, na kazi hiyo imeniangukia mimi ambaye hata redio ya baba ilikuwa inanishinda. Danford yuko Tunduma, Januarius yuko Mtwara. Kwenye kundi letu la WhatsApp mara ya mwisho mtu kuandika ilikuwa Pasaka, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa nakaa hapa katikati ya pamba na kujifunza. Hedifoni zangu zimekufa sikio la kushoto, natumia spika mbili ndogo. Siku ya kwanza nilipandisha gita kwa sababu ni langu. Dramu zikazama, nikazipandisha. Besi likapotea, nikalipandisha. Mwisho taa zote za vipimo kwenye kompyuta zikawaka nyekundu, na Machibya, mlinzi wa ghala, akagonga mlango: "Bwana shamba, mnagombana na nani humo ndani?" Nikamwambia niko peke yangu. Akachungulia asiamini.

Sasa shida yenyewe. Ubeti wa pili, pale unapoimba *nimebaki na mlango, nyumba imeondoka*, kwenye lile neno la mwisho sauti imepasuka. Kosa ni langu, niliweka kipimo cha maiki juu mno na wewe siku hiyo uliimba kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. Nimehangaika nalo wiki tatu, halitengenezeki. Nakuomba urudie ubeti huo mmoja tu. Hata kwa simu, ukijifungia chumbani kwa marehemu mama ambako ni kimya. Dakika moja haifiki.

Flashi ina wimbo ulipofikia. Ipo ndani ya mfuko wa choroko, usije ukaipika.

Mdogo wako,
Onesmo

*

Kamachumu
9 Julai 2023

Mdogo wangu Onesmo,

Marahaba. Barua imefika, choroko zimefika, na flashi niliikuta kabla ya sufuria. Baba amesema choroko ni chakula cha watu wasiojaliwa ndizi, kisha akala sahani mbili. Nyonga inamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anasahau kama ana nyonga. Mgomba umesimama. Choo pia.

Shule inaendelea. Mwaka huu nimepewa darasa la kwanza, watoto sabini na wawili, na sita kati yao hawajawahi kuona kalamu. Nimejipatia filimbi, ile ya mwamuzi wa mpira. Nikipuliza mara moja wanakaa, mara mbili wanatoa madaftari. Inafanya kazi nzuri kuliko mdomo, na ningeijua mapema ningejiokoa miaka kumi ya kupiga kelele.

Wimbo nimeusikiliza kwenye redio ya baba, maana siku hizi anayo inayokubali flashi. Dramu nimezisikia. Gita lako nimelisikia mimi, akalisikia jirani, na nadhani hata padri amelisikia. Ila mimi mwenyewe niko wapi? Nasikika natokea kisimani. Ulinifundisha nisimame karibu na maiki, kumbe ulikuwa na mpango wa kunitupa shimoni?

Suala la kurudia ubeti liache. Uliopasuka na upasuke.

Kula vizuri. Ulipokuwa hapa mara ya mwisho shati lilikuwa limekuvaa wewe.

Dada yako,
Harieth

*

Kasoli
30 Julai 2023

Dada,

Shikamoo, na mshikie baba miguu kwa niaba yangu. Huku jua ni kali, ng'ombe wanapelekwa maji mbali hadi njia ya Nkololo, na wakulima wangu wananiuliza habari za mbegu za msimu ujao kabla hata hawajauza pamba ya msimu huu. Jana mzee mmoja alinisimamisha njiani kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, bwana shamba," akanieleza habari za viwavi kwa nusu saa. Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimezungumza na mtu.

Kuhusu kisima nakukatalia. Hapa kwangu sauti yako ilikuwa kavu mno, kama ya mtu anayeimba chini ya blanketi. Ndiyo maana nikaiongezea mwangwi, ikawa bado kavu, nikaongeza tena. Nikisikiliza hapa mezani iko sawa kabisa. Redio ya baba ndiyo mbovu.

Na kuhusu ubeti, dada, siwezi kuuacha. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi kiasi kwamba naijua pumzi ya Danford kabla hajapiga dramu. Wote mnakuja Jumapili mchana, mnanijaa hapa ndani, kisha nazima kompyuta na mnaondoka wote kwa pamoja. Nataka uwe na mwisho mzuri. Sina kitu kingine huku nilichokianza mwenyewe.

Kwa hiyo nimeomba likizo ya siku tano baada ya Nanenane. Nitakuja na maiki. Nitakurekodi mwenyewe, jioni moja tu, kisha nitakuacha na watoto wako sabini na wawili.

Halafu kuna jambo ambalo nimelimeza muda mrefu. Tangu Krismasi nimekupigia mara kumi na nne. Unakata, kisha unaandika "Niko kikaoni." Jumapili saa kumi jioni, kikao gani? Nikimpigia baba, Harieth yuko shambani. Siku zote. Shamba lenyewe naweza kulivuka kwa hatua arobaini. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kama nimekukosea nakuomba uniambie.

Onesmo

*

Kamachumu
6 Agosti 2023

Onesmo,

Marahaba. Sote hatujambo.

Usije. Nyumba inapigwa rangi na hakuna pa kulala.

Hujanikosea kitu.

Harieth

*

Kamachumu
20 Agosti 2023

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo na kwamba ile barua yangu fupi hukuichana. Baba hajambo. Hakuna rangi iliyopigwa. Nilipoipeleka ile barua kwenye basi nilirudi nyumbani nikashindwa kula, na baba akaniambia, "Wewe unamfukuza mtoto nyumbani kwao." Amekasirika siku kumi na nne. Leo nimeona bora niseme, na ukishasoma usinipigie.

Ile skafu niliyovaa Mwanza, uliyoniambia inanifanya nionekane kama mtangazaji, haikuwa ya urembo. Nilikuwa na rovu. Lilianza mwaka ambao mama alikuwa anaumwa, na nani angejitazama shingo wakati ule? Mwaka jana mwezi wa kumi likaanza kunibana nikilala. Daktari akasema litolewe. Akanieleza vizuri, bila haraka, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale, kwamba wengi hutoka salama na wachache hawatoki salama, na kwamba kuliacha ni hatari zaidi. Nikaweka saini. Walinipangia tarehe kumi na tisa Desemba.

Ulidhani nilipanda basi usiku kucha kuja Mwanza kwa sababu nayapenda hayo makelele yenu? Tangu ukiwa kidato cha pili nilikuwa nakufukuza na hilo gita hadi kwenye migomba. Ulipoandika kwamba mnatafuta mtu wa kuimba, nilihesabu siku nikaona zinatosha. Nilitaka niiweke sauti yangu mahali kabla ya kumi na tisa. Ndiyo maana niliimba vile. Kipimo chako cha maiki hakina kosa kubwa kama unavyofikiri.

Mimi niko kwenye wale wachache. Nilipozinduka niliita jina la baba, ukatoka upepo. Wakasema tusubiri miezi mitatu, tukasubiri. Wakasema sita. Sasa ni minane. Natoa mnong'ono, na nikilazimisha unatoka mkwaruzo unaowafanya watoto wanitazame viatu. Darasani watoto wa mbele wananisikia, wanawaambia wa nyuma. Ndivyo tunavyofundishana hesabu. Hawa walianza shule Januari, hawajui kama mwalimu wao aliwahi kuwa na sauti nyingine.

Nilimkataza baba asikwambie. Wewe ndiye mtu pekee ambaye bado alikuwa ananiambia "dada, imba". Ukiuliza kwa nini sipokei simu, ndiyo hiyo sababu, na hakuna nyingine. Na ukiuliza kwa nini nimekataa kurudia ubeti, sasa unajua kwamba sikuukataa.

Uache ulivyo. Pale ulipopasuka ndipo nilipokuwa naimaliza sauti yangu yote.

Dada yako,
Harieth

*

Kasoli
10 Septemba 2023

Dada Harieth,

Shikamoo. Salamu kwa baba. Mimi nipo.

Tangu ile barua yako ya Agosti ya kuniambia nisije, sijapata kitu. Nimesubiri wiki tano. Nilienda stendi ya Bariadi mara mbili kuulizia vifurushi hadi vijana wa pale wakaanza kunitania kwamba mchumba ameolewa. Nikaona basi. Mtu akikwambia usije, na usipoenda hasemi hata asante, ujumbe umefika.

Sikutaka kukusumbua zaidi. Kuna dada wa kwaya hapa Kasoli anaitwa Kabula, anaimba sauti ya pili, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuja Jumapili mbili na mama yake mdogo wa kumsindikiza. Ameimba wimbo wote tangu mwanzo, beti zote. Hakuna palipopasuka. Sauti yako nimeitoa, kwa hiyo huna haja tena ya kukaa kisimani.

Nakutumia usikie. Ukipenda, mpe baba.

Likizo niliitumia hapahapa. Nililala.

Onesmo

*

Kamachumu
24 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba anakusalimu.

Nimesikiliza. Huyo Kabula anaimba vizuri, anatamka maneno yote, na dramu sasa zinakaa chini yake vizuri. Umejifunza. Mpe wimbo, unamfaa.

Ama hukuipata barua yangu ya tarehe ishirini Agosti, ama uliipata. Nimewaza siku tatu ni lipi kati ya hayo mawili ningependa liwe kweli, na sijapata jibu.

Harieth

*

Kasoli
15 Oktoba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Sijui nianze na salamu zipi.

Barua yako ya Agosti nimeipata Jumatano ya tarehe nne. Kondakta aliifikisha Kasoli siku tatu tu baada ya wewe kuiandika. Alimpa Machibya, na Machibya, kwa kuijali, akaiweka ndani ya daftari la mizani isishike vumbi. Daftari likajaa, likafungwa na mengine kwenye boksi, likapelekwa Bariadi kwa hesabu za msimu. Siku hiyo karani mmoja anaitwa Thomasi alipolifungua kuhakiki kilo za watu akakuta bahasha yenye jina langu. Machibya amekuja kuniomba radhi mara tatu. Nimeshindwa kumkasirikia, maana hasira yote niliyokuwa nayo nimeihitaji kwa ajili yangu.

Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya chama. Nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Dada, nilikutoa kwenye wimbo. Wakati umeshanieleza yote hayo, mimi nilikuwa nakutoa mstari kwa mstari na kujisifu kwamba nimekomaa. Nimelia, na sisemi hivi ili unihurumie. Nilikuwa mpumbavu, na upumbavu wangu ulikuja kwako kwa basi ukiwa umefungwa vizuri.

Sauti yako ipo. Niliitoa kwenye wimbo, sikuifuta. Nimeinakili mara nne, kwenye kompyuta, flashi mbili, na nyingine nimempa Kabula aitunze kwao. Hilo nilitaka ulijue kwanza.

Sasa nikueleze kuhusu kisima. Malori yalikuja tarehe mbili yakabeba pamba yote. Sebule ikabaki na meza, kiti na mimi. Jumapili nikawasha wimbo ule niliokutumia Juni, bila kugusa kitu chochote. Ulikuwa kisimani kweli. Ulikuwa mbali mno, unaita, na gita langu limekaa juu kama mfuniko. Nikamwita Machibya nikamweleza. Akanishangaa: "Pamba inameza sauti, bwana shamba. Sisi ghala likijaa hatuitani kwa mdomo, tunapiga bati. Hukuwahi kutusikia tukipiga bati?" Niliwasikia msimu mzima. Nilidhani wanafukuza panya. Miezi minne nimekaa katikati ya pamba nikikuongezea mwangwi ili nikusikie, na kila nilipoongeza nilikusukuma mbali zaidi. Na nilikuwa nabisha.

Kabula alikuja jioni hiyo kuulizia wimbo wake. Nikamchezea sauti yako peke yako, bila gita, bila dramu, bila mwangwi, kwenye chumba kitupu. Alisimama mlangoni. Ulipofika pale palipopasuka akashika fremu ya mlango. Akaniambia, "Aa, bwana shamba. Huyu mama anaimba kitu anachokijua. Mimi nilikuwa naimba tu. Nitoe humo." Nikamwambia ameimba vizuri. Akasema, "Vizuri ndiyo. Lakini nitoe."

Nimemtoa. Nimeanza upya tangu mwanzo na wewe umeingia wa kwanza. Zamani nilikuwa naanza na dramu kisha nakutafutia nafasi iliyobaki. Sasa nimekuweka wewe katikati, mkavu ulivyo, kisha nikawaingiza wengine mmoja mmoja, na kila aliyekufunika nikamshusha. Gita langu limeshuka zaidi ya yote. Nimewasikilizisha kinyozi wa Bariadi kwenye spika yake kubwa, dereva wa bodaboda kwenye simu yake, na Machibya. Ubeti wa pili sijaugusa. Umepasuka palepale.

Kuna jambo na mimi sikukwambia. Krismasi iliyopita nilisema siwezi kuja kwa sababu ya upandaji. Upandaji ulikuwa umeisha wiki mbili kabla. Sikuwa na kazi yoyote. Niliogopa kuingia nyumba ile nikikuta kiti cha mama kimegeuziwa ukutani tangu msiba. Nilikaa hapa nikala wali peke yangu, na siku hiyohiyo wewe ulikuwa nyumbani na mshono shingoni, na baba anakukorogea uji. Ningekuja ningeyajua yote. Hilo siwezi kulirekebisha kwa kompyuta.

Ulisema nisikupigie. Ijumaa nilikupigia. Nashukuru ulipokea. Nilichosikia nilisikia nusu, lakini nilijua ni wewe. Naomba uendelee kupokea, nami nitajifunza kuuliza maswali ya ndiyo na hapana.

Mdogo wako,
Onesmo

*

Kamachumu
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Onesmo,

Marahaba, na zile za ziada pia nimezipokea. Mvua imeanza vizuri. Baba amefurahi kwa sababu sasa ana kitu kipya cha kulalamikia. Kiti cha mama tumekigeuza, kimetazama mlangoni, na baba ndiye aliyekigeuza baada ya kumsomea barua yako, au tuseme baada ya yeye kuisoma na mimi kumwonyesha mistari kwa kidole. Krismasi utakikalia wewe. Hilo halina mjadala.

Usijitese kwa habari ya Kabula. Ningekuwa mimi ningemtafuta Kabula wiki ya pili. Mpe salamu zangu, na mwambie nimesema asante.

Habari ya shule si nzuri sana. Mwalimu mkuu wetu, mama Martha, aliniita wiki iliyopita. Ni mtu mwema na alizunguka sana kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Kuanzia Januari nitatunza vitabu vya stoo. Darasa la kwanza linahitaji mtu wa kusikika, akasema, na sikuwa na sauti ya kumbishia. Kwa hiyo nimebakiwa na hawa watoto wiki tatu.

Flashi ilifika Jumanne. Niliibeba kwenye pochi siku tatu. Nyumbani nilishindwa kuisikiliza, kwa sababu baba angekuwa ananitazama usoni. Nikaona niende nayo darasani, nichanganyike na watu. Ijumaa baada ya jaribio la kuandika nikaazima spika ya shule, ile ya halaiki, nikaiweka juu ya meza yangu. Nikapuliza filimbi mara moja, wakakaa.

Dramu zilipoanza walishangilia. Wawili walisimama kucheza, nikawaacha. Kisha nikaingia mimi, wakanyamaza. Onesmo, umeniweka karibu sana. Nilijisikia nikivuta pumzi kabla ya neno. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikuwa nafanya hivyo. Ubeti wa pili ulipofika nikashika meza, nikajua pale panakuja. Pakaja, pakapasuka, na binti mmoja wa mstari wa mbele, Anyes, akajishika shingo yake mwenyewe bila kujua kama amejishika. Umefanya vyema kupaacha. Nakwambia kama mwalimu, na siwapi watu alama za bure.

Ulipoisha wakauliza ni nani huyo anaimba. Nikawanong'oneza wa mbele, "Ni mimi." Wakawageukia wa nyuma, "Mwalimu anasema ni yeye." Darasa zima likacheka, likapiga makofi. Walidhani ni utani. Nikachukua chaki nikaandika ubaoni, NI MIMI, kwa herufi kubwa, nikayapigia mstari. Wakayasoma kwa pamoja, silabi kwa silabi, kama nilivyowafundisha tangu Januari. Walisoma vizuri sana, hata wale sita. Kisha wakacheka tena.

Sikuwakatalia. Ningewathibitishia na nini? Nikafuta ubao, nikawaonyesha kwa mkono wafunge madaftari. Hawakufunga. Anyes akanyoosha kidole kama mtu mzima, akasema, "Mwalimu, tunaomba umrudishe yule mama."

Nikamrudisha. Tukamsikiliza mara tatu.

Dada yako,
Harieth